Gorogoro, Kilo na Majina ya Mimea: Tuwasaidie Watoto Wetu Katika Sayansi



Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya mambo mawili ambayo watoto wetu hufundishwa shuleni katika somo la sayansi. La kwanza ni vipimo, yaani mita, kilo na lita. La pili ni yale majina marefu ya mimea na wadudu. Mtoto huyakariri usiku, na mzazi akimsikia huuliza, "Hiyo ni lugha gani tena?"

Tunapotembelea vikundi tunaulizwa mara nyingi: mambo haya yana faida gani kwa mtu wa kijijini? Jibu letu ni kwamba yana faida kubwa, na asiyeyajua hulipa hasara yake kila siku ya soko. Tena mtoto anayeona vipimo vikitumika nyumbani huvielewa upesi kuliko yule anayeviona ubaoni tu. Basi tusiseme kazi hiyo ni ya mwalimu peke yake.

VIPIMO VYA WAZEE WETU

Wazee wetu walijua kupima. Pwani walipima nguo kwa shibiri, dhiraa na pima. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa. Dhiraa, ambayo wengine huiita mkono, ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Pima ni urefu wa mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa huku na huku. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Ndiyo maana mpaka leo tunasema haba na haba hujaza kibaba.

Vipimo hivi vilifaa kwa watu waliojuana. Taabu ilikuwa moja tu: mkono wa nani? Mwenye duka akiwa na mkono mfupi, mnunuzi anarudi nyumbani na kitambaa kifupi. Leo gorogoro yetu ina taabu ile ile. Ikiwa nzima huchukua kiasi cha kilo mbili za mahindi. Lakini sote tumeona gorogoro iliyogongwa ubavuni, au iliyobonyezwa kitako kikaingia ndani. Jina ni lile lile, lakini mahindi ni machache. Debe nalo, mwingine huuza la kujaa sawasawa na mwingine la kilele.

MITA NA KILO ZILITOKA WAPI?

Shida hii haikuwa yetu sisi tu. Huko Ufaransa, kabla ya mapinduzi ya mwaka wa 1789, vipimo vilikuwa vingi mno na vilitofautiana mji kwa mji. Wataalamu wao wakaona heri watafute kipimo ambacho si mkono wa mfalme wala mguu wa tajiri. Wakachukua dunia yenyewe. Walipima sehemu ya mstari utokao ncha ya kaskazini ya dunia mpaka ikweta ukipitia Paris, wakakadiria urefu wake wote na kuugawanya mara milioni kumi. Kipande kimoja wakakiita mita. Sheria ya mwaka wa 1795 ikaweka mita, lita na gramu.

Tarehe 20 Mei 1875 nchi 17 zilitia sahihi mkataba mjini Paris ili vipimo hivi vilindwe na vifanane kila mahali. Kwa miaka mingi kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha madini kilichofungiwa karibu na Paris, na mizani yote ililinganishwa nacho. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande hicho. Inatokana na hesabu za maumbile zisizobadilika, ambazo haziwezi kuibiwa wala kulika.

Uzuri wa vipimo hivi ni kwamba vyote huenda kwa kumi, mia na elfu. Mtoto akishika maneno matatu, ameshika sehemu kubwa:

- Kilo maana yake ni elfu. Kilomita 1 ni mita 1,000. Kilogramu 1 ni gramu 1,000.
- Senti maana yake ni sehemu moja ya mia. Sentimita 100 ni mita 1, kama vile senti 100 ni shilingi moja.
- Mili maana yake ni sehemu moja ya elfu. Milimita 1,000 ni mita 1. Mililita 1,000 ni lita 1.

Kuna jambo jingine la kupendeza. Ukitengeneza sanduku la sentimita 10 kwa 10 kwa 10, linachukua maji lita 1 kamili, na maji hayo yana uzito wa kilo 1. Urefu, ujazo na uzito, vyote vimefungwa pamoja.

Mwalimu naye ana mambo anayoyataka katika kuandika. Kilogramu huandikwa kg kwa herufi ndogo, si KG wala kgs. Gramu ni g, si gm. Kilomita ni km. Na mtoto akiandika "25" bila kusema ni 25 za nini, anakosa alama, na mwalimu ana haki. Hata dukani ukisema "nipe mbili", utaulizwa mbili za nini.

HASARA YA KUTOJUA

Tutoe mifano minne ambayo tunakutana nayo vijijini.

1. Gunia la viazi. Kanuni za viazi zilizotolewa nchini mwaka wa 2019 zinataka mfuko usizidi kilo 50. Lakini broka anakuja na mfuko walioushonea kofia. Tuseme mmepatana shilingi 1,500 kwa mfuko. Ukiwa wa kilo 50, umeuza kilo moja kwa shilingi 30. Ukijazwa kofia mpaka kilo 75, umeuza kilo moja kwa shilingi 20. Kilo 25 zimekwenda bure, na kwa bei mliyopatana hizo ni shilingi 750 katika mfuko mmoja tu. Hesabu magunia yako ya msimu mzima uone ni karo ngapi zimepotea.

2. Dawa ya mtoto. Watu wengi huchanganya miligramu (mg) na mililita (ml). Miligramu ni uzito wa dawa yenyewe. Mililita ni ujazo wa maji yaliyobeba dawa. Chupa ikiandikwa 120 mg/5 ml, maana yake ni kwamba katika kila mililita 5 za maji hayo mna miligramu 120 za dawa. Si kwamba mtoto anywe 120! Kijiko kidogo cha dawa ni mililita 5, lakini vijiko vya chai vya nyumbani havifanani. Tumia kijiko au kikombe kilichokuja na chupa, na ufuate kiasi ulichoambiwa na mhudumu wa afya.

Hali kadhalika na mtoto anayeharisha. Pakiti za dawa ya maji na chumvi hazifanani: nyingine ni za lita 1, nyingine ni za mililita 500. Soma kwanza. Kama pakiti hakuna, lita 1 ya maji safi hutiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Huku ukimpa, mpeleke kliniki.

3. Dawa ya shamba. Lebo inasema mililita 10 kwa lita 20 za maji. Bomba lako la mgongoni ni la lita 15. Utie kiasi gani? Gawanya 15 kwa 20, zidisha kwa 10, upate mililita 7.5. Mtoto wa Gredi ya 7 anaweza hesabu hii. Lakini wengi wetu hupima kwa kifuniko cha chupa, na vifuniko havilingani. Dawa ikiwa kidogo, wadudu hawafi na mwishowe huizoea. Ikizidi, unapoteza pesa na unaweka sumu katika mboga za watoto wako mwenyewe. Tafuteni kikombe chenye alama za mililita, kiwe cha dawa ya shamba tu, na kisionekane jikoni kamwe.

4. Ploti. Hati za shamba huandikwa kwa hekta, nasi twazungumza kwa ekari na futi. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, karibu ekari mbili na nusu. Ekari moja ni kama hekta 0.405. Sasa angalia: watu huuziwa ploti ya futi 50 kwa 100 wakiambiwa ni "moja ya nane" ya ekari. Futi 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000. Lakini ekari ni futi za mraba 43,560, na ukigawanya kwa nane unapata 5,445. Zimepungua 445! Kwa hekta, moja ya nane kamili ni kama 0.051, na ile ya 50 kwa 100 ni kama 0.046. Kabla ya kutoa pesa, mwambie mtoto alete kalamu.

Wala msidhani wasomi hawakosei. Tarehe 23 Julai 1983, huko Kanada, ndege kubwa aina ya Boeing 767 iliishiwa na mafuta ikiwa angani na watu 69 ndani yake. Mita ya mafuta ilikuwa mbovu, kwa hiyo wakapiga hesabu kwa mkono. Nchi ilikuwa inahama kutoka ratili kwenda kilo, na katika hesabu walitumia namba ya ratili mahali pa ile ya kilo. Ndege ikaruka na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyotakiwa. Rubani aliishusha bila injini katika uwanja wa zamani mahali paitwapo Gimli, na hakuna aliyekufa. Basi mtoto akiulizwa "ni kilo au ni ratili?" asione mwalimu anamsumbua.

KILA KIUMBE KINA MAJINA MAWILI

Sasa tuje kwenye majina. Chukueni mboga moja ya kienyeji. Kwa Kiswahili ni mgagani. Wakisii wanaiita chinsaga, Waluhya tsisaka, Wajaluo dek, na Wakikuyu thageti. Katika soko la mji mmoja mama watano wanaweza kuuza mboga hiyo hiyo kwa majina matano. Mtaalamu wa kilimo akiandika kitabu atumie jina lipi? Na mtu wa India au wa Zimbabwe, ambako nako mboga hii inaliwa, ataelewaje?

Aliyetengeneza njia tunayoitumia leo ni Carl Linnaeus, mtu wa Uswidi aliyezaliwa mwaka wa 1707 na kufariki mwaka wa 1778. Alitumia Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati ule, na kila kiumbe akakipa majina mawili tu. Majina ya mimea yanaanzia katika kitabu chake cha mwaka wa 1753, na ya wanyama katika kile cha mwaka wa 1758. Mgagani wetu ni *Gynandropsis gynandra*. Katika vitabu vingine mtauona kama *Cleome gynandra*, kwa sababu wataalamu wakichunguza zaidi ukoo wa mmea huweza kubadilisha jina. Mtoto akiona majina yote mawili asishtuke. Ni mboga ile ile.

Jina la kwanza huitwa jenasi. Hilo ni kama jina la ukoo. La pili huonyesha spishi, yaani ni yupi hasa katika ukoo huo. Kanuni za kuandika ni chache:

- Jenasi huanza kwa herufi kubwa. Jina la pili huanza kwa herufi ndogo, hata kama linatokana na jina la nchi, kama mwembe, *Mangifera indica*.
- Vitabuni majina hayo hulazwa, kama tulivyofanya hapa. Ukiandika kwa mkono, piga mstari chini ya kila neno peke yake.
- Ukishalitaja mara moja kwa ukamilifu, unaweza kufupisha jenasi. *Zea mays* (mahindi) inakuwa *Z. mays*.

UKOO UNASAIDIA NINI SHAMBANI?

Msiseme haya ni ya mtihani tu. Tazameni majina haya manne:

- Viazi: *Solanum tuberosum*
- Nyanya: *Solanum lycopersicum*
- Biringanya: *Solanum melongena*
- Managu ya kupandwa: *Solanum scabrum*

Jina la kwanza ni moja. Hawa ni ndugu, na ndugu huambukizana magonjwa. Ule ugonjwa wa kunyauka unaoletwa na bakteria hushambulia viazi, nyanya na biringanya pia, na vijidudu vyake hukaa udongoni. Kwa hiyo mkulima aliyeona viazi vikinyauka kisha akapanda nyanya mahali pale pale, akidhani amebadilisha zao, hajabadilisha kitu. Amemtoa ndugu mmoja akaleta mwingine. Heri apande mahindi, ambayo ni ya ukoo mwingine kabisa.

Tena sukuma wiki na kabichi, pamoja na koliflawa, zote ni spishi moja, *Brassica oleracea*. Watu waliichagua kwa miaka mingi, wengine wakitaka majani na wengine vichwa. Basi msizifuatanishe katika kitalu kimoja.

Mfano mwingine ni viwavijeshi. Wazee wanakumbuka viwavi wanaotokea kwa vipindi, wakitembea kwa makundi na kumaliza majani. Hao ni *Spodoptera exempta*. Halafu mwaka wa 2017 wakaonekana wengine hapa Kenya, waliotoka bara la Amerika. Hao ni *Spodoptera frugiperda*, na wanajificha ndani ya moyo wa mhindi. Jina letu ni moja, lakini wadudu ni wawili na tabia zao ni mbali mbali. Anayenyunyiza dawa juu ya majani tu hamfikii yule aliyejificha ndani. Ukienda kwa afisa wa kilimo, mpelekee mdudu mwenyewe katika chupa, kisha muulize jina lake la kisayansi na uliandike katika daftari la kikundi.

Kwa haya yote hatusemi tuache majina ya mama zetu. Jina chinsaga linabeba ujuzi wa kupika, wa kupanda na wa kutunza mbegu. Mtoto ajue yote mawili, la nyumbani na la dunia.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Mambo haya hayahitaji pesa nyingi. Chagueni Jumamosi moja kwa mwezi, mkae na watoto na mwalimu wao wa sayansi akiweza.

1. Fimbo ya mita. Kateni fimbo iliyonyooka ya sentimita 100, mtie alama kila sentimita 10. Watoto wapime nyumba na nafasi za kupandia mahindi. Kisha kila mtu apime shibiri yake na dhiraa yake, waone zinavyotofautiana.

2. Mizani ya kijiti. Fungeni kijiti katikati kwa kamba, na kila upande mning'inize mfuko unaofanana. Pakiti ya sukari ya kilo 1 ambayo haijafunguliwa iwe jiwe la mizani. Linganisheni na chupa yenye lita 1 ya maji. Jaribuni pia kupima gorogoro zote za kikundi: mtie maji kwa chupa ya nusu lita, mhesabu ni chupa ngapi. Mtajua iliyobonyezwa.

3. Sanduku la lita. Tengenezeni kwa katoni sanduku la sentimita 10 kila upande, mtandike karatasi ya plastiki ndani, mtie lita 1 ya maji. Mtoto akiliona kwa macho yake hasahau.

4. Hesabu ya mvua. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 8 kwa 5 ni mita za mraba 40. Ikinyesha milimita 20, zimeanguka lita 800, yaani mitungi 40 ya lita 20. Tuseme hata robo imepotea, bado ni mitungi 30 ambayo mama hakwenda kuchota mtoni. Kabla ya kikundi kununua tangi, watoto wawafanyie hesabu hii.

5. Bustani ya majina. Katika shamba la kikundi au la shule, kila mmea uwekewe kibao chenye majina matatu: la lugha ya nyumbani, la Kiswahili na la kisayansi. Wazee watoe la kwanza, watoto watafute la tatu vitabuni. Hapo mzee na mtoto wote ni walimu.

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilinunua mizani ya kuning'iniza kwa michango yao wenyewe. Mwanzoni broka alikataa kupima, akasema yeye hununua kwa gunia tu. Akina mama wakakubaliana kwamba hakuna atakayeuza peke yake. Juma la pili alirudi, na viazi vikapimwa kilo kwa kilo. Anayesoma mizani na kuandika daftarini ni msichana wa sekondari, binti wa mmoja wao. Mizani peke yake isingefanya kitu kama hawakushikana. Umoja ni nguvu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Sokoni kwetu tunauza nini kwa gunia, debe au gorogoro? Tunapoteza kilo ngapi?
- Nani kati yetu anaweza kusoma lebo ya dawa ya shamba? Asiyeweza, ni mtoto yupi atamsaidia?
- Hati zetu za shamba zinasema hekta ngapi, na hizo ni ekari ngapi?
- Ni mimea gani ya kwetu ambayo watoto hawaijui tena hata kwa jina la nyumbani?
- Mwezi huu tutaanza na zoezi lipi kati ya yale matano, na nani ataleta vifaa?

Andikeni majibu katika daftari la kikundi, na mtuletee tutakapowatembelea. Mtoto akirudi shuleni Jumatatu akisema, "Mwalimu, hiyo tuliipima nyumbani," jueni kazi yenu haikuwa bure.